Mti Peke Yake: Picha za Miti ya Nachingwea na Ruangwa

Wahenga walinena kwamba penye miti hakuna wajenzi. Methali hii aghalabu hutumiwa kwa watu waliojaliwa neema wasijue namna ya kuitumia, nayo haikosi mahali pake inapozungumzwa sanaa ya kupiga picha miti katika nchi ya kusini mwa Tanzania. Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za Mkoa wa Lindi ambazo zamani zilikuwa moja, zimejaa miti ya kila jinsi: miyombo, mininga na mipingo ya porini, mibuyu na mikwaju ya tambarare, miembe na mikorosho ya vijijini. Kamera nazo hazikukosekana huko. Zilikuja na wakoloni, zikaja na wapigania uhuru, zikaja na watalii wachache, na leo zimo mifukoni mwa vijana wa kila kijiji. Hata hivyo, picha zilizo nyingi haziioni miti hiyo. Baadhi zimeona kizuizi, baadhi zimeona pambo, na baadhi zimeona bei. Makosa haya matatu yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini shina lake ni moja: mti umetengwa na jirani zake, ukasimamishwa peke yake kama mtu asiye na ukoo.

Kabla ya kulaumu macho, ni haki kutaja udhaifu wa chombo. Picha za miti katika sehemu hizi za Afrika ni za zamani kuliko wengi wanavyodhani. John Kirk, ambaye watu wa Unguja wanamkumbuka kuwa balozi wa Uingereza katika zama za Sayyid Barghash, alikuwa kwanza daktari na mwanabotania wa msafara wa Livingstone wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, na katika msafara ule alipiga picha za mimea na mandhari. Vifaa vya siku hizo vilikuwa vizito na vya polepole. Upepo ukivuma, jani lililotikisika liligeuka ukungu. Fauka ya hayo, dawa iliyopakwa kwenye karatasi na vioo iliuona vyema mwanga wa samawati tu. Kijani iliiona kwa shida, na nyekundu haikuiona kabisa. Kwa hiyo mbingu ilitoka nyeupe tupu, na majani yakatoka meusi.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi ya miyombo. Mti huu una tabia ambayo mgeni huishangaa: hutoa majani mapya mwezi wa Septemba na Oktoba, wiki kadhaa kabla ya mvua, ilhali ardhi bado ni kavu na majivu ya mioto ya kiangazi hayajapeperuka. Na majani hayo machanga si ya kijani. Huwa mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya zambarau, kisha polepole hugeuka kijani. Kwa siku chache vilima vya Ruangwa huonekana kama vimetandikwa kanga mpya. Kioo cha karne ya 19 kiliigeuza furaha hiyo kuwa kiza. Hata filamu ya nyeusi na nyeupe iliyokuja baadaye, yenye uwezo wa kuziona rangi zote, ilikuwa na desturi ya kuzichanganya nyekundu na kijani katika kijivu kimoja. Mtazamaji wa Ulaya aliyeletewa picha za namna hiyo angeelezwaje kwamba pori lile halikuwa limekufa, bali lilikuwa linazaliwa? Pori la kusini liliingia katika vitabu vya wageni likiwa limevaa nguo za msiba ambazo halikuzishona.

Chombo, basi, kilikuwa na udhuru. Wenye chombo walikuwa na lao. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, iliwatuma wataalamu wakiongozwa na John Wakefield kuichunguza Tanganyika kwa ajili ya kilimo cha karanga. Sehemu kubwa ya nchi waliikagua kutoka ndani ya ndege. Mpango uliofuata ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake kuu pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa ajili yake ilijengwa reli na ikachimbwa bandari ya Mtwara. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki ni mji, majina ya mashamba kwa nambari, na picha.

Picha za mpango wa karanga zina umbo lake, na aliyeona chache ameona nyingi. Tingatinga liko mbele, kubwa, likitazama kulia au kushoto. Mti uko nyuma yake au chini yake, umeinama nusu, mizizi ikitazama mbingu. Mahali pengine matrekta mawili yanakokota mnyororo mzito kati yao, na kila kilichosimama katikati kinalala. Baadhi ya mashine hizo zilikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, na picha haifichi asili hiyo: ni picha za vita, na adui ni mti. Kwa kanuni za usanifu si picha mbaya. Mstari wa mti unaoanguka unakata fremu kwa ukali, vumbi linatoa kina, na jicho linajua mahali pa kwenda. Ubaya wake uko kwingine. Mti unaingia katika picha katika dakika ya kuanguka kwake tu. Hauonyeshwi ulipokuwa na kivuli, mzinga wa nyuki, dawa ya mtoto, au mpaka wa shamba la mtu. Mtazamaji anaombwa ashangilie kabla ya kuuliza. Baada ya miaka minne hesabu ya gharama ilipotolewa, picha zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yake, na hazikuwa na nafasi ya kujuta.

Inafaa kulitazama tena suala la ndege, kwa kuwa linafumbua jambo. Kutoka angani, msitu wa miyombo ni zulia. Hauna mti mmoja mmoja, na hauna mtu. Anayeutazama kwa namna hiyo huweza kuugawa kwa rula. Lakini historia ya Nachingwea ina kinaya chake. Mwaka 1965 chama cha FRELIMO, kilichoanza vita vya ukombozi wa Msumbiji tarehe 25 Septemba 1964, kilipewa kambi hapo hapo, katika shamba mojawapo la karanga lililoachwa. Katika picha za harakati zile, mti una kazi tofauti kabisa. Ni darasa, ni zahanati, ni baraza la mkutano. Na ng'ambo ya Ruvuma ni maficho dhidi ya ndege za Wareno. Mti ambao mpangaji wa mwaka 1946 aliuona kutoka juu akataka uondoke, ndio uliomfunika mpiganaji asionekane kutoka juu. Wapiga picha wa vita vile hawakukusudia kupiga picha za miti, walikusudia watu. Na labda kwa sababu hiyo hiyo waliifanyia miti haki zaidi kuliko waliokusudia. Waliionyesha ikiwa kazini, pamoja na watu wake.

Kosa la pili ni la wapendao uzuri, na linastahili kuhukumiwa kwa upole zaidi, maana mapenzi si hatia. Hii ni picha ya mbuyu wa pekee wakati wa machweo. Kila mtu anaijua. Mbuyu uko katikati au theluthi ya fremu, mweusi, matawi yake yakiwa kama mizizi iliyopinduliwa, nyuma yake jua jekundu. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna njia. Chini yake huandikwa neno moja: Afrika, au maneno mawili: mbuyu, Tanzania. Picha hii ni ndugu wa kadi za posta za Unguja zilizochapwa na studio kama ile ya Gomes zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambazo ndani yake mnazi huinama juu ya bahari, na mkarafuu husimama shambani bila jina la mwenye shamba wala la mchumaji. Watu wa visiwani, waliozaliwa ndani ya kadi hizo, wanajua vyema jinsi mti unavyoweza kupendwa na mgeni bila ya mwenyeji kuonekana.

Kwanza, picha ya mbuyu wa machweo inadanganya kuhusu majira. Wageni huja kiangazi, barabara zinapopitika, na kiangazi ndicho kipindi ambacho mbuyu hauna majani. Mvua zinaponyesha, kati ya Desemba na Aprili, mti ule ule huvaa majani mabichi, nayo huchumwa kwa mboga. Mbuyu wa masika, mnene na wa kijani, karibu haumo katika albamu za dunia. Pili, inadanganya kuhusu umri. Waswahili husema mbuyu ulianza kama mchicha, lakini nani amepiga picha mchicha huo? Mbuyu mchanga una majani tofauti na ya mkubwa, na wengi hupita kando yake wasiutambue. Kamera inayopenda wazee tu haiwezi kuliza swali la haki: je, kuna watoto? Mahali ambapo mifugo na mioto hula kila chipukizi, picha ya mbuyu mkuu ni picha ya ukoo unaokatika, ingawa mpigaji amekusudia picha ya milele.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, inadanganya kuhusu upweke. Mti uliosimama peke yake katika tambarare ya Nachingwea mara nyingi hakuzaliwa mpweke, umefanywa mpweke. Jirani zake walilazwa na mnyororo, au walikatwa kwa mkaa na mbao, au walipisha ufuta. Upweke ule ni tukio la historia, lenye tarehe, na picha inaugeuza kuwa tabia ya mti. Si kosa la Tanzania peke yake. Mwaka 1948, mwaka ambao matrekta yalikuwa yanafyeka Tanganyika, Ansel Adams wa Marekani alipiga picha yake mashuhuri ya mwaloni katika dhoruba ya theluji huko Yosemite. Ni kazi bora: kila kitawi kina mstari wake wa theluji, na msitu wa nyuma umefifia hadi mwaloni unabaki kama wazo. Lakini bonde lile nalo lilikuwa na wenyewe, watu waliofukuzwa humo kwa silaha karne moja kabla, na ukimya wa picha zake una deni kwa ukimya huo mwingine. Ustadi wa Adams hauondoi deni. Unalifanya lisahaulike kwa urahisi zaidi.

Mtetezi wa uzuri anaweza kujibu kwamba picha si kitabu cha historia, na kwamba mtu ana haki ya kuupenda mti kwa umbo lake. Jibu hilo lina ukweli. Hakuna mwenye akili atakayetaka kila mbuyu ufuatane na hotuba. Hata hivyo, upendo una daraja. Anayempenda mtu kwa sura yake tu, bila kutaka kujua jina lake wala jamaa zake, hasemwi kwamba amependa sana. Husemwa kwamba amependa kidogo. Na picha iliyojua zaidi haipotezi uzuri. Kisiki kilichoachwa ndani ya fremu, njia ya miguu inayopita chini ya matawi, moshi wa jiko upande wa nyuma: vitu hivi haviuharibu mti, bali vinaupa kipimo.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii ni mti ambao haupigwi picha kabisa, nao ni mkorosho. Uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, ukaenea kusini mpaka ukawa ndio mandhari yenyewe. Matawi yake hushuka hadi karibu na ardhi, kivuli chake ni kizito, na chini yake husafishwa kabla ya mavuno ili korosho zilizodondoka zionekane. Si mti mrefu, hauna umbo la ajabu, na machweo hayaupambi. Wapenda mandhari wanaupita wakitafuta pori, na wapenda pori wanauona ni shamba tu. Lakini anayetaka kuijua Ruangwa kwa picha moja, na auchague huo.

Kisa chake ni hiki. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: bei duni aliyolipwa mkulima, ugonjwa wa ubwiriunga uliounguza maua, na pia Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, iliyowahamisha watu kuwaweka katika vijiji vipya, mbali na mikorosho yao. Miti haikuhama. Ilibaki huko nyuma, ikasongwa na vichaka, ikachomwa na mioto. Baadaye dawa ya salfa na bei bora zaidi ziliwarudisha wengi mashambani, lakini si kila mkorosho ulipata mtu wa kuurudia.

Kiswahili kina neno kwa mahali kama hapo: mahame. Ni neno linalobeba ndani yake kitendo cha watu kuondoka. Atembeaye katika mapori ya wilaya hizi mbili anaweza kukuta miembe miwili na mikorosho kumi katikati ya miyombo, imejipanga kwa namna ambayo pori halijipangi. Hapo palikuwa na nyumba. Mwembe ulikuwa uani, na chini yake palitwangwa na kusengenywa. Mtu wa Unguja au Pemba hahitaji kufafanuliwa, maana huko nako miembe mikongwe huonyesha mahali palipokaliwa hata baada ya kuta kuyeyuka. Lakini mpiga picha asiyelijua neno mahame atasimama hapo hapo, aone kijani, aandike chini ya picha yake: pori la asili. Kwa maneno matatu amewafuta watu ambao miti ilikuwa bado inawashuhudia.

Kuna na mti mwingine, mdogo zaidi na mnyamavu zaidi. Wayao na Wamakua wanaujua kwa jina linalokaribiana na msolo. Chini ya shina lake wazee wa zamani walimwaga unga wa tambiko na kuwataja marehemu wao. Hauna kimo wala unene. Kati ya miti mia mpiga picha hatautambua. Huu ni mtihani mzuri kwa wanaosema jicho peke yake linatosha: katika nchi hii mti mkubwa kwa maana si lazima uwe mkubwa kwa umbo, na jicho lisilouliza litauinamia mbuyu likiukanyaga msolo.

Linabaki kosa la tatu, ambalo ni jipya na lenye nguvu ya sheria. Tangu miaka ya 2010 Ruangwa imejulikana kwa madini ya kinywe, na Nachingwea kwa nikeli ya kilima cha Ntaka. Mgodi ukihitaji ardhi, mthamini hutangulia. Anahesabu mikorosho, miembe na minazi, mmoja mmoja, na mwenye shamba hupigwa picha pamoja na mali yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati, na picha ni sehemu ya ushahidi. Huenda hizi ndizo picha za miti zenye matokeo makubwa kuliko zote zilizopigwa katika nchi hiyo, na hakuna jumba la sanaa litakalozitundika. Mtu amesimama wima kama askari, nyuma yake majani, na jua la saa sita limemfumba macho.

Mhakiki asizicheke. Zina jambo ambalo mbuyu wa machweo haunalo: zinakiri kwamba mti una mwenyewe. Katika mwambao wote, visiwani na bara, mti umekuwa mali inayoweza kurithiwa, kuuzwa na kuwekwa rehani mbali na ardhi iliyouotesha, na picha ya mthamini inaujua ukweli huo wa kale. Lakini inapungukiwa kwingine. Inaujua mti kama namba katika orodha. Mwembe wa uani na mwembe wa pembeni ni bei moja ikiwa umri ni mmoja. Kivuli hakina safu katika fomu, kaburi la jirani lina safu yake pengine, na mahame hayana mtu wa kusimama mbele ya kamera. Mti usio na mtu wa kupigwa naye picha huhesabiwa kuwa si wa mtu.

Hapa ndipo sanaa ina kazi, na kazi hiyo haihitaji kamera ya bei kubwa. Mpiga picha wa Nachingwea au wa Ruangwa, na wapo vijana wenye uwezo, anaweza kuanza kwa mambo matatu. Arudi mahali pamoja mara nne kwa mwaka, ili myombo uonekane katika wekundu wake wa Oktoba na mbuyu katika kijani chake cha Februari. Arudi nyuma hatua ishirini, ili jirani za mti, au visiki vyao, viingie ndani ya fremu. Na chini ya picha aandike jina ambalo wenyeji wanauita mti na mahali, baada ya kuwauliza walio wazee, maana wanaokumbuka makazi ya kabla ya mwaka 1974 wanapungua kila msimu, na ramani zilizo nyingi hazikuyaandika majina hayo.

Usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huo ulitungwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini unafaa kwa mandhari ya nchi kavu vilevile. Tambarare iliundwa na mnyororo, pori liliundwa na amri ya kuhama, na mti mpweke uliundwa na mashoka. Picha inayoonyesha mti na kuficha muundaji haijaonyesha nusu yake. Inayomwonyesha, hata ikiwa imepigwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka, itakuwa na la kusema siku ambayo mthamini atafika, akaangaza huku na huku, akauliza kama hapa palipata kuishi mtu.